Zima Picha Kwanza

Ukifika Tandika, nyuma ya wauza mitumba,
uliza steshenari ya Chande:
kompyuta tatu, moja haina kitufe cha M,
feni inayogeuza shingo kama mtu anayefuatilia udaku,
na mimi, tabibu wa mtandao unaokohoa.

Dawa zangu ni za bure, sikufichi.
Kwanza funga madirisha, yote ya tangu juzi,
la ajira, la mechi, la gari usiloweza kulinunua;
kila moja lina kinywa, na bando ni sahani moja.
Weka mlinzi wa matangazo mlangoni,
kaprogramu kadogo, hakadai mshahara,
kanawazuia wapiga debe wa dawa za kitambi
kabla hawajakanyaga kizingiti.
Halafu fagia. Kivinjari ni stoo ya shangazi,
kila kopo tupu kinalitunza, eti litafaa.
Una ukurasa mrefu wa kusoma?
Upakue saa tisa usiku, mnara ukipiga miayo,
uusome mchana bila kumwomba mtu ruhusa.
Na kama bado unatambaa,
zima picha.
Neno ni jepesi. Picha ndiyo inayosafiri na mizigo.

Hivyo ndivyo nilivyowavusha wale wa fomu za mkopo,
siku ya mwisho, saa tano na dakika hamsini usiku,
foleni imefika kwa muuza mihogo,
kurasa nimezivua hadi mifupa:
jina, namba ya mtihani, tuma,
jina, namba ya mtihani, tuma.
Kijana mmoja, Fikirini, alinibusu upara.

Bi Somoe Mbonde alikuja Jumanne, mvua ikipiga bati.
Kitochi chake kimefungwa kwa raba bendi,
na kwenye kipande cha bahasha ya vitumbua
imeandikwa anwani ya barua pepe ya dukani kwangu.
Mwanawe, kule Mpanda, ametuma kitu humo.
"Fungua baba, ila nina mia tano tu."

Mia tano! Nikakunja mikono ya shati.
Nikafunga, nikafagia, nikazima.
Barua ikaruka kiooni kabla hajaketi:
*Mama, amezaliwa Ijumaa. Kilo tatu na robo. Mwone.*
Na chini yake kisanduku cheupe,
kitupu, chenye kijialama pembeni.

Akainama. Akapangusa kioo kwa ncha ya kanga.
"Yuko wapi?"

Sina dawa ya hilo.
Nikawasha picha.

Ikaanza kushuka kama mkeka unaoshonwa, ukili kwa ukili.
Ukuta wa bluu.
Ukuta wa bluu.
Pindo la chandarua.
Feni ikageuka, ikatutazama, ikaenda zake.
Paji la uso.
"Hilo la babake," akasema,
na mtandao ukagoma papo hapo.

Dakika nne mjukuu akawa paji tu,
na Bi Somoe akamalizia mwenyewe kilichobaki:
macho, ya marehemu Mbonde akiwa na usingizi;
masikio, ya kina mama wa Kilwa, hayasikii ushauri;
pua, Mungu amwepushie hii yangu.
Mlangoni mtu akapiga hodi, anataka kutoa kopi cheti.
Nikamwambia kesho.
Sijawahi kumwambia mteja kesho.

Yakaja macho, yamefumbwa.
Ikaja pua.
Bi Somoe akacheka hadi akashika meza:
"Imemfuata! Masikini, imemfuata!"

Kidevu hakikufika. Umeme ulikatika mtaa mzima,
feni ikabaki imeangalia ukutani.
Akapapasa gizani, akaiweka mia tano kwenye kibodi,
pale pale pengo la M lilipo,
akafungua mwavuli wenye mbavu mbili zilizovunjika.

"Kesho nakuja kukiona kidevu," akasema.
"Usikiharakishe."